Aliyejenga Bondeni, Je, ni Jirani Yetu?



Katika mji wa Dar es Salaam liko neno moja ambalo husemwa kila mara maji ya mto Msimbazi yanapopanda. Utalisikia sokoni Kariakoo, utalisikia katika daladala, na, kwa huzuni nasema, utalisikia hata nje ya mlango wa kanisa watu wakiagana baada ya ibada. Neno lenyewe ni hili: waliambiwa wahame, hawakusikia, basi na wavumilie. Asemaye hivyo si lazima awe mtu mwovu. Mara nyingi ni mtu aliyejinyima miaka mingi, akanunua kiwanja chake mbali na mji, akajenga chumba kimoja kimoja, naye kila mwaka huombwa kutoa kwa ajili ya yule aliyejenga mahali pa hatari. Uchungu wake naufahamu. Lakini yatupasa tulitazame neno hili bila haraka, maana kama ni la kweli, basi sadaka zetu nyingi ni upumbavu. Na kama si la kweli, ni neno baya sana kutoka katika kinywa cha Mkristo.

Kwanza tukumbuke mambo yalivyokuwa. Msimbazi hutoka katika vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, hupita katikati ya mji, huvuka Barabara ya Morogoro pale Jangwani, kati ya Kariakoo na Magomeni, kisha huingia baharini karibu na Daraja la Salenda. Wakati wa kiangazi ni kijito tu chenye maji meusi, na mtu mgeni akionyeshwa hucheka akiambiwa ya kuwa kijito kile kimeua watu. Tarehe 20 Desemba 2011 mvua ikaanza kunyesha, ikaendelea hata tarehe 22, nao wapimaji wa hali ya hewa wakasema ya kuwa mvua ya namna ile haikuonekana mjini tangu mwaka 1954. Watu zaidi ya 40 wakafa. Maelfu wakakosa makao, na wengine wakakaa juu ya mapaa ya nyumba zao wakingoja kuokolewa. Tarehe 9 ya mwezi uleule mji ulikuwa umeshangilia miaka 50 ya Uhuru wa Tanganyika. Na Krismasi ya mwaka ule iliangukia siku ya Bwana, siku tatu tu baada ya mvua. Washarika wengi wakaenda kanisani wamevaa nguo mpya, huku shule kadhaa za mjini zimejaa watu waliolala sakafuni. Maji yakarudi mwaka 2014, na mwaka 2015, na 2018, na 2020, na kila mara watu walikufa. Hivyo mambo haya si hadithi ya mwaka mmoja. Ni kama kodi ambayo bonde hudai.

Sasa, juu ya neno lile la kuwalaumu waliopatwa, Bwana wetu alikwisha kuulizwa. Katika Injili ya Luka, mlango wa 13, yeye mwenyewe ataja mnara ulioanguka huko Siloamu ukaua watu 18, akakataa kabisa fikira ya kuwa wale waliokufa walikuwa wakosaji kuliko watu wengine wa Yerusalemu. Sisi wa Dar es Salaam tunaisoma habari hii kwa macho mengine tangu Jumamosi tarehe 16 Novemba 2024, siku ambayo jengo la ghorofa lilianguka Kariakoo, asubuhi, watu wakiwa madukani. Siku ile hakuna aliyesimama kando akauliza nani alikuwa na kosa. Wachukuzi na wenye maduka walianza kuchimba kwa mikono yao wenyewe, watu waliofukiwa wakapiga simu kutoka chini ya kifusi, na zaidi ya 80 wakatolewa hai. Wengine wengi hawakutolewa hai. Mashauri ya nani alijenga vibaya yalikuja baadaye, mahali pake, mbele ya wenye mamlaka. Jengo halikuwa kazi ya mvua wala ya tetemeko, nalijua hilo. Nalitaja kwa sababu lilionyesha ya kuwa mioyo yetu yaweza kufanya jambo lililo sawa ikiwa haikupewa nafasi ya kufikiri maneno ya udhuru. Mafuriko yana bahati mbaya hii, ya kuwa hutupa nafasi. Huja kila baada ya miaka michache, tukazoea.

Lakini mtu atajibu: wale wa Kariakoo hawakuonywa, wa bondeni walionywa. Ni kweli, walionywa, tena mara nyingi. Basi na tuulize jambo ambalo watu hawapendi kuuliza: kwa nini mtu mwenye akili timamu na watoto hukaa mahali ambapo ajua ya kuwa maji yatafika?

Jibu liko sokoni. Jina la Kariakoo lilitokana na jeshi la wapagazi la Waingereza, waliopiga kambi mahali pale wakati wa Vita Kuu ya kwanza. Wapagazi wale walikuwa Waafrika waliobeba vyakula na risasi vichwani, na waliokufa kwa maradhi na uchovu walikuwa wengi kuliko waliouawa kwa bunduki. Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa katikati ya mji mwaka 1927, yawataja na wao katika maandiko yake. Mji umekua, soko kubwa likajengwa likafunguliwa katika miaka ya sabini ya karne iliyopita, likaungua Julai 2021, likajengwa tena. Lakini Kariakoo ingali yasimama juu ya mabega ya mpagazi. Ni nani ashushaye magunia ya viazi na vitunguu saa kumi za usiku, kabla ya jua? Ni nani apikaye uji na chapati ili mwenye duka apate kula kabla ya kufungua? Ni nani asukumaye mkokoteni wa mitumba? Watu hao hawawezi kukaa mbali. Anayepaswa kuwa sokoni usiku wa manane hawezi kungoja basi la kwanza, na nauli ya kwenda na kurudi ingekula nusu ya ujira wake. Chumba cha bei nafuu kilicho karibu na soko, mahali anapoweza kufika kwa miguu, kiko bondeni. Hakuchagua kati ya hatari na salama. Alichagua kati ya maji, ambayo huenda yakaja, na njaa, ambayo hakika yaja.

Tena liko jambo la pili. Maji yanayoizamisha Jangwani hayatoki mbinguni moja kwa moja. Mengine yapita juu ya mapaa yetu ya mabati na sakafu zetu za saruji, yakashuka katika mifereji ambayo sisi tumeijaza chupa tupu, maboksi na maganda. Vilima vya juu vimekatwa miti, mchanga umechimbwa mtoni kwa ajili ya nyumba za watu waliojenga mahali pa salama, na tope limejaza mkondo. Aliyejenga juu amemsukumia maji aliyejenga chini. Basi mfanya biashara wa Kikristo wa Kariakoo ampaye mtu wa bondeni gunia la unga, asidhani ya kuwa ametoa zawadi tupu. Sehemu yake ni deni.

Nikifika hapa nadhani wasomaji wengi wamekubali ya kuwa yatupasa kusaidia. Ugumu uliobaki, nao ndio mkubwa, ni namna ya kusaidia. Na hapo naomba ruhusa niungame jambo.

Mwaka mmoja wa mafuriko, usharika mmoja wa mjini, ambao sitautaja, ulikusanya nguo kwa ajili ya waliopatwa, nami nalikuwa mmoja wa waliotumwa kuzipeleka. Gari lilijaa. Tulipofika shuleni, watu walipangwa mstari juani, wakaitwa majina, na kila aliyepokea alisimamishwa kidogo ili apigwe picha pamoja na wazee wa kanisa. Ndani ya mafurushi mlikuwa na mengi mazuri, lakini tulikuta na makoti mazito ya nchi za baridi, na viatu vya arusi, na kiatu kimoja kisicho na mwenzake. Akaja mama mmoja aliyekuwa akipika chakula karibu na soko. Akapewa gauni, akalikunja vizuri, akapiga goti kidogo, akasema, “Shikamoo, mzee. Mmetukumbuka, Mungu awabariki. Ila sufuria hamkuja nazo?” Nikaitikia marahaba, nikamwambia ya kuwa tulileta kile watu walichotoa. Akashukuru tena, akaenda zake.

Baada ya siku tatu mzee mwenzangu akaniambia kwa hasira ya kuwa yule mama ameonekana akiliuza gauni lile. Tulikuwa tayari kuwaza mabaya. Kumbe aliliuza yeye na wenzake wawili waliuza ya kwao, wakanunua sufuria moja kubwa na mkaa, wakaanza kupika uji. Kwa gauni angekuwa amevaa. Kwa sufuria alilisha watoto wake, tena aliwauzia watu wa kambi. Alifahamu haja yake kuliko kamati yetu nzima, na alitwambia kwa kinywa chake, kwa adabu, wala hatukusikia. Tangu siku ile sijaweza kutazama picha za ugawaji wa misaada bila kuona haya. Mtu aliyepoteza nyumba yake hana kitu kilichobaki ila uso wake, nasi twautaka na huo uwe malipo ya gunia la unga.

Kwa hiyo jambo la kwanza, kabla ya kukusanya chochote, ni kwenda watu wawili au watatu na kuuliza. Wawe watu wanaofahamika huko, na angalau mmoja awe mwanamke, maana ziko haja ambazo mama hawezi kumwambia mzee wa kanisa. Waende pamoja na mwenyekiti wa mtaa, lakini wasiishie katika orodha yake. Orodha huandika wenye nyumba. Mpangaji husahaulika, na bondeni wapangaji ni wengi. Mjane aliyepanga chumba kimoja, kijana mchukuzi aliyelala wanne katika kitanda kimoja, hao hawana hati ya kitu chochote. Kanisa la kwanza lilikwisha kuonja taabu hii: wajane wa watu wasemao Kiyunani walisahauliwa katika ugawaji wa kila siku, nao Mitume hawakuwakemea walionung'unika, bali wakachagua watu saba wa kuangalia kazi hiyo. Majina ya wale saba yote ni ya Kiyunani, kana kwamba kazi ilikabidhiwa kwa upande uliosahauliwa. Jambo hili lastahili kufikiriwa na kila baraza la wazee.

Wala tusiulize dini. Kariakoo na mitaa ya jirani ina Waislamu wengi, na maji hayakuwahi kubagua. Kuna watu wadhanio ya kuwa msaada ni nafasi njema ya kuhubiri. Mimi nadhani kumhubiria mtu aliyeshika sahani, asiyeweza kuondoka, ni kumnunua. Na aliyenunuliwa kwa maharagwe atanunuliwa tena na mwingine mwenye nyama. Akiuliza mwenyewe kwa nini tumekuja, na tumjibu. Zaidi ya hayo, msikiti ulio jirani huenda umekwisha kuanza kupika. Basi ni afadhali kwenda kuuliza wapungukiwa na nini, kuliko kuwasha jiko la pili la kushindana.

Juu ya fedha nitasema kwa kifupi. Paulo, alipochanga kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakukubali kuzichukua peke yake. Alitaka ndugu waliochaguliwa na makanisa wafuatane naye, ili asiwepo wa kumlaumu. Ikiwa Mtume hakuona aibu kuhesabiwa, mtunza hazina wa usharika naye asione. Hesabu na isomwe kanisani, iliyoingia na iliyotoka. Majina ya waliotoa yaweza kusomwa wakipenda, majina ya waliopokea kamwe yasisomwe.

Lakini la kupendeza zaidi katika habari za Mitume ni Antiokia. Nabii Agabo alipoonya ya kuwa njaa itakuja, wanafunzi wa mji ule walipanga kutoa, kila mtu kwa kadiri alivyoweza, wakapeleka msaada kwa mkono wa Barnaba na Sauli. Walisikia onyo, wakachanga. Na sisi tunaye Agabo wetu: Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza matazamio ya masika na ya vuli kabla mvua hazijaanza. Twasikia redioni, twasema “Ee,” kisha twafungua mwavuli. Kwa nini usharika usiwe na sanduku la dhiki linalojazwa mwezi wa Agosti na mwezi wa Februari? Ndani yake ziwemo sufuria, ndoo zenye vifuniko, sabuni, dawa ya kutakasa maji ya kunywa, vyandarua na vitambaa vya wanawake. Baada ya mafuriko visima na vyoo huchanganyika, na kipindupindu kikiingia chaweza kuua tena wale ambao maji yaliwaacha.

Iko pia mali ambayo makanisa yetu yanayo, nayo hatuifikirii: vitabu. Maji huchukua vyeti vya kuzaliwa na vya shule, na mtu asiye na karatasi katika mji huu ni kama mtu asiye na jina. Kitabu cha ubatizo chaandika jina la mtoto, la wazazi, na tarehe. Hati ya ubatizo hupokelewa kama ushahidi mtu anapoomba cheti cha kuzaliwa. Karani wa usharika akikaa siku mbili baada ya mafuriko akiandika hati hizo bila malipo, amefanya kazi isiyopigwa picha, nayo itamfaa mtu hata kufa kwake. Lakini kwanza vitabu vyenyewe viwe mahali pa juu. Nimeona vikiwekwa kabatini chini, karibu na ndoo ya kupigia deki.

Haya yote ni ya wiki za kwanza. Kazi iliyo ngumu huanza wakati magari ya misaada yamekwisha kuondoka. Mama lishe aliyepoteza mtaji wake angali na deni la mchezo wa upatu. Wenzake wangoja zamu zao, nao pia ni maskini. Mwenye chumba ataka kodi. Mwezi wa Januari watoto wahitaji madaftari na sare. Mkopo wa mtu binafsi upo, kwa riba ya kutisha, na wengi huingia humo kwa sababu hakuna aliyewauliza. Watu husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mithali hii hutumiwa kuwafukuza waliopatwa, lakini isikilizeni vizuri: yasema apewe jembe. Nani ametoa jembe? Usharika ukiilipa zamu moja ya upatu ya mama huyo, au ukamnunulia sufuria, meza na gunia la mkaa, huenda umetumia fedha chache kuliko zilizotumika kukodi gari la kuleta makoti ya baridi.

Nami sitaki kulikwepa swali la mwisho, yaani kurudi bondeni. Mwanzoni mwa mwaka 2012 Serikali iliwahamishia wengi Mabwepande, mwendo mrefu kaskazini ya mji, wakaanza katika mahema. Wengine walikaa, wakajenga, leo ni wenyeji. Wengine wakarudi mjini, kwa sababu ile ile tuliyoitaja: soko halikuhama pamoja nao. Desemba 2015 nyumba nyingi za bondeni zikabomolewa. Katika miaka hii ya karibuni mradi mkubwa wa bonde la Msimbazi umeanza kuwalipa watu fidia ili waondoke, mto upanuliwe na daraja jipya lijengwe Jangwani. Je, kanisa liwaambie watu wahame? Nadhani ndiyo, liwaambie kweli, maana kumpa mtu sufuria kila mwaka ili arudi kuzama si upendo. Lakini aliye na haki ya kumwambia “hama” ni yule atakayemfuata huko anakohamia. Mchungaji amwandikie barua mchungaji wa kule, kwa jina, asema: familia hii yaja, mama ni mpishi, baba ana kifua, mtoto wa pili aingia darasa la nne. Wazee wamtembelee mwezi wa kwanza na mwezi wa sita. Mwenye duka la Kariakoo aliyezoea mchukuzi huyo aone kama aweza kumsaidia nauli ya miezi mitatu, au kumpa kazi inayoanza mchana. Bila hayo, neno “hama” ni neno lile lile la mlangoni, lililovikwa nguo za huruma.

Na atakayekataa kuhama, baada ya kuambiwa yote? Nimefikiri sana juu yake. Siwezi kumlazimisha, wala siwezi kusema ya kuwa amefanya vyema. Lakini usiku maji yakipanda na akabisha mlango wa kanisa na watoto wake, sioni katika Injili mahali ambapo ningeruhusiwa kumwuliza kwanza kama alipata barua ya kuhama.

Yule mama wa sufuria angali anapika karibu na soko. Mwaka jana nalikwenda kununua uji kwake, naye akanitambua. Nikamwuliza mambo ya kwake yakoje. Akanionyesha mfuko wa nailoni aliouning'iniza juu ya boriti ya kibanda, vyeti vya watoto vimo ndani, umefungwa mara mbili. “Vuli inakuja, mzee,” akasema. Kisha akaniuliza, bila uchungu wowote, kama mwaka huu tumekwisha kwenda kuuliza watu wa bondeni wanataka nini. Nikamwambia ya kuwa nitalipeleka neno hilo kwa baraza la wazee Jumapili ijayo. Akanipa uji, akakataa fedha yangu.